Koki Iliyovuja na Jina la Nabii

Ninyi mnaotoka vyuo vya ufundi huwa mnakuja hapa kwangu Buzebazeba kuniuliza habari za kupika sabuni, na mimi huwaeleza. Mawese kiasi gani, kostiki, yale magadi makali yanayounguza, kiasi gani, moto wa namna gani. Huko hakuna siri, ukichoma vidole mara mbili tatu utajua. Leo nitawaeleza jambo ambalo hamjawahi kuniuliza, kwa sababu naona mnaanza kuajiriwa, na wengine mtakuwa wasimamizi kabla hamjaota mvi.

Naitwa Mwanaidi, ila kiwandani wengi waliniita Mama Saidi. Nilizaliwa Ujiji, na karibu maisha yangu yote ya kazi yalipita katika kiwanda kimoja kidogo cha sabuni ya miche. Mwenye kiwanda aliishi mbali, akija mara moja moja. Hapa alimwachia meneja. Sisi tulikuwa kama thelathini: wapishi, wakataji, wapakiaji, na madereva wawili ambao kila siku walikuwa na ugomvi wa funguo.

Aliyenifundisha kupika ni Mzee Ntahondi, Muha wa Kasulu, mtu mfupi mwenye mikono iliyokuwa na makovu hadi kwenye viwiko. Asubuhi alisalimia pipa la kupikia kabla ya kutusalimia sisi. "Mwakeye," aliliambia, kisha akalizunguka akikagua kila mahali kwa jicho na kwa sikio. Tulimcheka. Baadaye nilielewa kwamba pale ndipo alipokuwa akikagua mabomba.

Mwezi wangu wa kwanza kwenye pipa nilikosea vipimo. Kostiki ilizidi, sabuni ikatoka kali. Dawa ya kujua ni ulimi: unagusisha kidogo tu, ikikuuma kama betri ya redio, bado haijaiva au kostiki imezidi. Mimi nilikuwa nimesahau kugusa. Tukamimina, ikakauka, ikakatwa, ndipo mzee akaenda na mche mmoja nyumbani kwake. Wiki iliyofuata alikuja kazini amevaa shati lenye mabaka na tundu mbili mgongoni. Akaniita pembeni.

"Mwanaidi, nimefulia sabuni yako," akasema. "Shati lilikuwa zuri."

Tukairudisha sabuni yote kwenye pipa tukaipika upya, na akanieleza taratibu pale nilipokosea. Lile shati alilivaa mpaka lilipochanika kabisa, na sijui kama alikuwa ananikumbusha au hakuwa na jingine. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile, nikikosea, mtu wa kwanza kumkimbilia alikuwa yeye.

Alipostaafu akarudi kwao Kasulu kulima, nikawa mpishi mkuu. Muda si mrefu akaja meneja mpya. Nitamwita Gervas.

Msije mkadhani nawaletea habari za shetani. Gervas alikuwa mchapakazi. Alifika kabla ya mlinzi kumaliza zamu, alijua mashine ya kukatia kuliko fundi wake, na mfanyakazi akifiwa gari lake lilikuwa la kwanza msibani. Lakini alikuwa na mtindo wake. Kila asubuhi tulipanga mstari uani, na yule aliyeharibu kitu jana yake aliitwa mbele, akapewa mche mbovu mkononi. Alitakiwa kuubeba mpaka saa ya chai. Ufanye kazi kwa mkono mmoja, mwingine umeshika sabuni iliyopinda, na kila apitaye anaona. Kisha Gervas alipiga picha, akaituma kwenye grupu la WhatsApp la kiwanda na maneno ya kuchekesha chini yake.

Na yalichekesha kweli, niwe mkweli kwenu. Alikuwa na kipaji cha kumbatiza mtu. Mmoja alimwita Kabari kwa sababu ya miche yake iliyokatwa upande mnene upande mwembamba, mwingine akamwita Konokono. Tulicheka. Mimi nilikuwa mwepesi wa kuweka kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi. Sikuwa na ubaya na mtu. Niliona tu kwamba wanaocheka hawaitwi mbele mara nyingi kama wasiocheka.

Kwenye chumba changu cha kupikia alikuwepo mwanamke aitwaye Riziki. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, yeye akazaliwa hapa Katubuka, lakini Kiswahili cha nyumbani kwao kilibaki mdomoni. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka kama kumi, akiniita dada. Kazi yake ilikuwa kufungulia kostiki kutoka tangi la juu iteremke kwenye pipa nilipomwambia. Alikuwa na masikio makali kama ya Mzee Ntahondi.

Siku moja alisikia mlio asioufahamu kwenye bomba. Akafunga kila kitu, akapiga kelele watu watoke. Tukatoka wote. Gervas akaja na fundi, wakakagua, wakakuta ni maji ya kusafishia tu yaliyokuwa yakirudi kwenye bomba jingine. Hakukuwa na hatari. Lakini sabuni iliyokuwa pipani ilipoa ikagandamana, ikabidi tuanze upya.

Kesho yake kwenye mstari Riziki akaitwa mbele. Meneja alimpa mche, akamgeukia kila mtu, akasema kuanzia leo kiwanda kina nabii, anayeona maangamizi ambayo hayapo. Akatuma picha: Nabii Riziki. Lile jina likaganda siku ile ile. Wapakiaji walimwita Nabii, madereva walimwita Nabii, hata mama muuza chapati getini alimwita Nabii akidhani ni jina la kanisani. Riziki alitabasamu, akaendelea na kazi. Ila tangu hapo hakusema tena kitu kuhusu mlio wowote.

Mwaka ule ule nilipewa usimamizi wa chumba chote. Nikapewa kiti, na koti la rangi tofauti na la wenzangu. Niwaambie kilichonipata, maana nanyi kitawapata: ndani ya wiki chache nikaanza kusema kama Gervas. Sikukusudia. Mtu akikosea, maneno yake yalinijia mdomoni yakiwa tayari yamepikwa. Nilimwita mkataji mmoja kipofu mbele ya wenzake. Nilipopita, watu walianza kushika kazi ambazo walikuwa hawazifanyi. Nikaona hiyo ndiyo heshima.

Asubuhi moja, kabla hatujawasha moto, Riziki akanifuata nikiwa naandika zamu.

"Dada, ile koki ya tangi iko inatoa," akasema kwa sauti ya chini. "Kidogo. Lakini ni kostiki, nimeona inaunguza rangi ya ukuta."

Nilikuwa na haraka. Tulikuwa nyuma ya oda, na nilijua kwamba kusimamisha kazi ni lazima kumwambia Gervas, na kumwambia Gervas ni kuitwa mbele mimi na koti langu jipya. Nikamjibu bila kuinua kichwa.

"Nabii, nenda ukatabiri mwenyewe kwa meneja."

Wawili watatu waliokuwa karibu walisikia hilo neno Nabii wakacheka, bila kujua tunazungumzia nini. Riziki akaondoka. Hakwenda kwa meneja. Alikwenda akatafuta kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, akakiviringisha kwenye ile koki, akakaza kwa waya. Nilimwona kwa mbali. Nikajiambia, basi, imepata ufumbuzi.

Saa nne hivi nikamwambia fungulia. Alipozungusha, koki iling'oka pale shingoni, kostiki ikaruka ikampata usoni upande wa kushoto, shingoni na begani.

Hapa nisikilizeni kama mafundi. Kostiki ikimpata mtu, ni maji. Si siki, si maziwa, si mafuta, si dawa ya meno ya nani sijui. Maji mengi, ya kutiririka, na usiache. Nguo zilizolowa zivuliwe maji yakiwa yanamwagika, hata kama ni mwanamke mbele ya wanaume, aibu itafunikwa baadaye. Nilimlaza, nikamfungua kope kwa vidole vyangu, mtu akashika mpira wa maji. Riziki hakulia kwa sauti. Alinishika kifundo cha mkono tu, akakaza. Gervas mwenyewe alileta gari, akapakia madumu ya maji, tukaenda hospitali nikiwa namwagia jichoni njia nzima, kiti cha gari lake kikilowa. Daktari alisema yale maji ndiyo yaliyookoa uso. Jicho la kushoto halikuokoka.

Siku chache baadaye Gervas aliniita ofisini. Mwenye kiwanda alikuwa amefika, amefikia nyumba ya wageni, anataka taarifa. Ilikuwa imeshaandikwa, ukurasa mmoja. Nikasoma. Ilisema mfanyakazi alitambua ubovu wa koki, akaamua kuifunga kwa mpira kienyeji bila kumpa taarifa kiongozi yeyote. Chini palikuwa na saini ya meneja, na nafasi ya saini ya msimamizi.

"Ni utaratibu tu, Mama Saidi," akaniambia. Sauti yake ilikuwa ya kuchoka, haikuwa ya vitisho. Akasema ikionekana ni kosa la uongozi, kiwanda kitafungwa, na wote thelathini watakwenda nyumbani.

Nilisaini. Nilikuwa mjane, mwanangu wa mwisho alikuwa bado chuoni, na ilibaki miaka mitatu nistaafu. Nawaambia sababu hizo mjue kwamba zilikuwa za kweli. Mtu hasaini uongo kwa sababu za kijinga. Huwa ana sababu nzuri sana.

Sikulala vizuri, nikatafuta visingizio vya kutokwenda hospitali, nikampelekea matunda kupitia kwa mtu. Siku ya nne nikaenda. Mama yake Riziki alikuwa akimlisha uji. Aliponiona aliinuka, akanipisha kwenye kigoda, akatoka nje na bakuli. Riziki alikuwa amefungwa bandeji nusu ya uso. Nikampa pole. Akaitikia.

Kisha akasema kuna mtu wa ofisini alipita jana yake, amemwambia taarifa imekwenda, na imesema nini.

"Ile asubuhi nilimwambia nani?" akaniuliza.

"Uliniambia mimi."

"Basi," akasema, akageuzia ukutani upande wa uso usio na bandeji.

Hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kushikia, ningejitetea. Nilikaa pale mpaka mama yake aliporudi, nikaaga, na badala ya kushika njia ya nyumbani nikaenda kule nilikosaini ule uongo, yaani kiwandani, nikakaa kwenye kile kiti changu nikaandika barua kwa mkono. Niliandika kwamba Riziki alinipa taarifa asubuhi ile, mimi nikiwa msimamizi wake. Niliandika na maneno niliyomjibu, yote, pamoja na lile jina. Nilipofika kwenye jina niliacha kalamu mara mbili. Hilo ndilo nililotaka kuliruka.

Barua niliipeleka mwenyewe nyumba ya wageni. Mwenye kiwanda aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Akaniuliza kwa nini basi nilisaini ile nyingine. Nikamwambia niliogopa. Akauliza niliogopa nini hasa, kufukuzwa? Nikafikiri. Nikamjibu kwamba nilipomjibu Riziki vile asubuhi, sikuogopa kufukuzwa. Niliogopa kubeba mche.

Hakuelewa. Ikabidi nimweleze habari ya mstari, miche, picha na grupu. Nikamwonyesha simu yangu. Alipitisha kidole juu, juu, juu, picha haziishi, na chini ya kila picha vikatuni vya kucheka, vingi vikiwa vyangu.

"Miaka yote hii, mbona hakuna aliyeniambia?" akasema.

"Bosi, ulipokuja ulizungumza na meneja tu," nikamwambia. Nilisema kwa heshima, lakini nilisema.

Kuna jambo nililijua baadaye, Gervas mwenyewe alinieleza siku anaondoka. Alikuwa amemwomba mwenye kiwanda koki mpya mara mbili. Mara ya pili alijibiwa kwamba mameneja wa viwanda vingine wanaweza kazi bila kulialia. Akaacha kuomba. Naye alikuwa amebeba mche wake, ila wake haukuonekana. Na ule mtindo wa kumsimamisha mtu mbele hakuubuni yeye, aliusomea. Kazi yake ya kwanza alikuwa anasimamishwa juu ya meza kila alipokosea. Aliniambia, "Nilidhani ndivyo mtu anavyokomaa." Hata mimi nilikuwa nimedhani hivyo kwa muda.

Mnataka kujua iliishaje. Taarifa iliandikwa upya. Riziki akahesabiwa kuwa ameumia kazini bila kosa lake, akapata haki zake, ingawa kwa kusukumana. Koki zote zikabadilishwa. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikavuliwa usimamizi, nikarudishwa chumba cha kukatia, kati ya wale wakataji ambao miezi michache nyuma nilikuwa nikiwasema kama Gervas. Baadhi hawakunisalimia, wakisema nimemchongea meneja. Wengine walinisalimia kupita kiasi, na hao nao walinichosha. Yule niliyemwita kipofu ndiye aliyenionyesha jinsi ya kukaza waya mpya wa kukatia, kwa uvumilivu, na nilipokosea akaunyoosha bila kunisema. Hilo liliniuma kuliko barua ya onyo.

Gervas alibaki karibu mwaka mzima. Mstari wa asubuhi ulikoma, grupu likafutwa. Watu walidhani sasa kila mtu atasema. Hapana. Hofu haiondoki kwa tangazo la ubaoni. Waliletewa sanduku la maoni lenye kufuli, na kitu pekee kilichoingia humo kwa miezi sita kilikuwa karatasi ya kulalamikia chapati za getini.

Alipokuja meneja mwingine, mama mmoja mtulivu, alikuta wapishi vijana wanaharibu pipa baada ya pipa. Akanirudisha kupika. Riziki alikuwa amesharudi kazini, wamempa stoo. Siku ya pili tangu nirudi kupika, akaenda kwa meneja akaomba kurudi chumba cha kupikia. Sikujua kwa nini, na sikuthubutu kuuliza. Siku ya kwanza aliporudi chumbani, wote wakiwepo, nilisimama nikasema kwamba jina lile mimi nililitumia kumnyamazisha mtu, jicho likapotea, na ninamwomba radhi Riziki mbele yao kama nilivyomtukana mbele yao. Riziki alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akachukua ufagio. Hilo tu. Tulifanya kazi hivyo miezi mingi. Salamu asubuhi, kazi, kwaheri. Akiona kitu hakiko sawa alikirekebisha kimya kimya mwenyewe, kama kwamba mimi ni ukuta. Nilikuwa nafahamu kwamba nimepoteza imani yake, na kwamba hicho si kitu ninachoweza kukiomba.

Kupika kuna hatua ya kutia chumvi. Chumvi ndiyo inayotenga sabuni ije juu, maji machafu yabaki chini. Ikipungua, haitengani, na unapoteza siku. Asubuhi moja nilikuwa nimetia chumvi, nakoroga, chumba kimejaa watu na mvuke, na meneja amesimama mlangoni na wageni. Riziki alikuwa upande wa pili wa pipa.

"Dada," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "hiyo umekosea. Chumvi haitoshi."

Kila mtu aliacha alichokuwa akifanya. Mimi nilikasirika, nisiwadanganye. Mwanamke wa miaka yangu, mbele ya wageni, kwenye pipa langu. Maneno ya Gervas yalikuja yote mdomoni, hayakuwa yamekwenda mbali. Nikashusha mwiko. Nikamwambia anayechochea apunguze moto. Nikachota kijiko, nikakiinamisha tuone wote jinsi inavyotiririka, tukasubiri.

Ilitengana vizuri kabisa. Chumvi ilikuwa sawa. Aliyekosea alikuwa yeye.

"Asante, Riziki," nikamwambia. "Ukiona tena, sema."

Alinitazama kwa lile jicho moja.

"Nitasema," akajibu.

Wiki ile alisema mara mbili zaidi, na mara ya pili alikuwa sahihi.